Upande wa Mzee Khang

Asubuhi ya Jumamosi jua la mwisho wa Oktoba lilitoka kali, kama halikuambiwa ni mwezi gani. Mama Fue alisimama jikoni amevaa koti lake la misibani, akimkagua mke wa mwanawe kwa macho ya mtu anayehakikisha mlango umefungwa kabla ya kusafiri.

"Kuku yuko kwenye sufuria. Dawa nimeshatia. Maji ya kunywa ni ya moto tu. Ukishikwa na kiu, usinidanganye na maji ya bomba."

"Ndiyo, Mama."

"Kitambaa cha kichwa?"

Kazoua alijigusa kichwani. "Kipo."

"Cha tumbo?"

"Kipo, Mama. Nimefungwa kama mzigo wa posta."

"Mzigo wa posta hauna ulimi," alisema Mama Fue, akakaza fundo la kitambaa mara moja zaidi.

Kazoua alikuwa katika mwezi wake wa uzazi, umebakiza siku chache uishe. Tangu mtoto wao Pahnia azaliwe alikuwa amekula kuku wa kuchemshwa na wali wa moto asubuhi, mchana na jioni, bila pilipili hata ya kuonja. Hakugusa maji ya baridi, hakukaa kwenye upepo. Na sharti lililo kubwa kuliko yote: hakukanyaga ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Mzazi akiingia kwa watu kabla mwezi haujaisha, mizimu ya nyumba ile huudhika na balaa huwashukia wenyeji. Alikuwa na kazi ya mapokezi kwenye kliniki ya meno, alikuwa na cheti ukutani, na masharti hayo aliyafuata kama alivyofunga mkanda wa gari: hakuwa na hakika kama siku hiyo utamfaa, lakini hakuona faida ya kujaribu.

Kwa hiyo msibani hakwenda. Aliyefariki alikuwa binamu wa marehemu mume wa Mama Fue, na ukoo mzima ulikuwa huko mjini St. Paul, kila mtu na zamu yake: wa kuni, wa maji, wa kumimina pombe. Fue alipangiwa mchele.

Fue mwenyewe aliingia kutoka nje, anapuliza vidole ingawa hakukuwa na baridi. "Nimekunja pazia la grinihausi, upande wetu, mpaka juu," alisema. "Unyevu umezidi mle. Ukipita kwenye nyanya unaona ukungu unaanza."

"Na upande wa Mzee Khang?" aliuliza mama yake.

"Kaufungua mwenyewe kabla hajaondoka. Wamekuja kumchukua alfajiri. Yule aliyekuwa amwimbie marehemu njia amepoteza sauti, sasa ataimba yeye."

"Na jioni atafunga nani?"

"Si mimi? Nitarudi kabla ya giza, Mama. Baridi yenyewe ni kesho usiku, nimeangalia."

"Umeangalia kwenye simu."

"Sasa niangalie wapi, kwenye kiganja?"

"Babu yako aliangalia mawingu," Mama Fue alisema, akachukua mkoba wake, na wakaondoka.

Kazoua aliwatazama kupitia dirishani mpaka gari likapotea nyuma ya misonobari. Alikuwa na furaha iliyomkaa kifuani tangu juzi, siku Fue alipomletea picha kwenye simu: pilipili tatu, katikati ya mamia ya kijani, zimegeuka nyekundu.

Grinihausi lilikuwa wazo lake. Kila mwaka pilipili za shambani zilikufa kwa jalidi, baridi ya kwanza ya kugandisha, na Mwaka Mpya wa Wahmong, kabila lao kutoka Laos, ulipofika mwishoni mwa Novemba, wanawake wote walitwanga pilipili za kwenye friza au za kutoka Meksiko. Majira ya kuchipua Kazoua alisema: Mzee Khang ana grinihausi refu la plastiki kwenye ua wa zamani wa ng'ombe, anatumia nusu tu. Tukodi nusu ya pili. Yeye nyanya, sisi pilipili. Mwaka Mpya tunaweka meza moja, tunatwanga mbele ya watu.

Mama Fue alikataa majuma mawili. Alipokubali, alikubali kupita kiasi. Siku ya mwisho ya soko la wakulima alijigamba mbele ya wanawake wote kwamba Mwaka Mpya atawauzia pilipili mbichi yenye kikonyo cha kijani.

"Novemba?" Mama Xeng wa meza ya jirani alicheka mpaka akashika boga asianguke. "Utazilalia kama mayai?"

"Njoo uone kikonyo."

"Nitakuja. Nitakuja na miwani."

Tangu siku hiyo habari ya kikonyo haikuwa tena ya Mama Fue peke yake. Watu asiowajua walimsimamisha Fue kwenye duka la vyakula kumuuliza pilipili zinaendeleaje.

*

Mchana, Kazoua akiwa ananyonyesha, misonobari ilianza kulia.

Aliinua kichwa. Anga la kaskazini lilikuwa limepigwa mstari, kijivu upande mmoja na buluu upande wa pili, na mstari ule ulikuwa unakuja. Simu ikatoa mlio wa tahadhari. Baridi haikuwa ya kesho usiku. Ilikuwa ya leo, mapema jioni, nyuzi sita chini ya kuganda.

Alimpigia Fue. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mtu anayepikia mchele watu mia tatu haweki simu mfukoni, alijua hivyo, lakini akapiga mara ya tatu. Kisha akampigia Mama Fue, na droo ya jikoni ikaanza kuimba. Mama Fue alikuwa ameiacha simu yake kati ya vijiko.

Aliitafuta namba ya nyumba ya mazishi. Alipokea mwanamume, na nyuma yake ngoma ilikuwa inapigwa polepole.

"Namwomba Mama Fue."

"Mama Fue yupi? Hapa wako wanne."

"Wa pilipili."

"Aa! Wa kikonyo!" mtu yule alisema, na sauti yake ikachangamka mahali ambapo haikupaswa. "Ngoja."

Alingoja. Pahnia alipata kwikwi. Nje, halijoto kwenye kipimajoto cha dirishani ilikuwa inashuka kama mtu anayeteremka ngazi kwa haraka.

"Nani kafa?" Mama Fue alisema kwenye simu.

"Hakuna aliyekufa, Mama. Baridi inakuja leo. Sasa hivi. Mapazia yako juu yote mawili."

Ngoma ikapigwa mara mbili.

"Huyu Fue na kiganja chake," alisema Mama Fue. "Nitamtoa jikoni. Tunakuja."

"Mama, ni zaidi ya saa nzima barabarani. Pilipili zitakuwa zimeshaungua kwa baridi."

"Basi sikiliza. Upande wetu hendeli iko nje. Simama nje, zungusha, teremsha pazia, rudi nyumbani. Huingii popote."

"Na upande wa mzee? Ukibaki wazi, kufunga wetu ni bure. Hewa ni moja."

"Hendeli yake iko wapi?"

"Ndani. Kule mwisho, nyuma ya turubai la buluu. Anapoweka vifaa vyake."

Mama Fue alipumua. Turubai lile wote walilijua. Mzee Khang alikuwa amewaambia tangu siku ya kwanza, kwa upole lakini bila kucheka: njia ya katikati ni ya wote, upande wenu ni wenu, nyuma ya turubai asipite mtu. Fue alimwona mkali. Mama Fue alisema mzee anaogopa kuibiwa mkasi.

"Ngoja nikamwombe ruhusa," alisema Mama Fue, akaweka simu chini.

Ngoma iliendelea. Halijoto iliteremka ngazi nyingine mbili. Mama Fue alirudi akihema.

"Anaimba."

"Atamaliza lini?"

"Anamrudisha marehemu mpaka alikozaliwa, kila mji aliokaa. Ndiyo kwanza wako Wisconsin."

"Mama!"

"Bado kambi ya Thailand, bado Laos. Unataka nimkatize? Amemshika maiti mkono. Akimwachia hapo katikati, binamu atabaki anazurura Wisconsin milele."

Kazoua aliuma mdomo asicheke, na wakati huohuo machozi yalikuwa karibu. "Basi niambie, Mama. Niingie nisiingie?"

"Lile ni grinihausi," Mama Fue alisema, anapima kila neno. "Halina madhabahu. Hakuna mtu anayelala mle. Pasipo madhabahu hapana mizimu, na pasipo mizimu hapana wa kuudhika. Nadhani. Lakini ni mali ya ukoo mwingine, na wewe uko kwenye mwezi. Mimi sikwambii uingie. Na sikwambii usiingie."

"Sasa unaniambia nini?"

"Nakwambia vaa soksi mbili," alisema Mama Fue, na simu ikakatika.

*

Alivaa soksi mbili, suruali mbili na koti la Fue linalomfika magotini. Alimfunga Pahnia kifuani kwa mbeleko aliyodarizi mama yake mzazi, akafunga koti juu yao wote wawili, akaliwasha gari kuukuu la shamba. Hakuwa ametoka nje ya ua tangu arudi hospitali. Upepo ulipompiga usoni alihisi woga, na chini ya woga alihisi kitu kingine alichokionea haya kidogo: alikuwa anafurahi. Alikuwa nje. Kulikuwa na kazi, na mtu wa kuifanya alikuwa yeye.

Alipofika grinihausini, hendeli ya upande wao ilikuwa ngumu. Alizungusha kwa mikono miwili, tumbo likimkumbusha kila mzunguko kwamba halijapona, na pazia likateremka kidogo kidogo, linapigapiga, mpaka likagusa udongo. Akaburuta magogo mawili kulikandamiza. Kisha akafungua mlango, akaingia njia ya katikati.

Kushoto pilipili zilisimama kiunoni, zimejaa. Nyekundu hazikuwa tatu tena. Alianza kuzihesabu, akaacha, maana upepo kutoka kulia ulikuwa unazitikisa zote kwa pamoja na majani ya pembeni yalikuwa tayari yameanza kulegea. Kulia nyanya za Mzee Khang zilipanda kamba zao mpaka juu, zimepunguzwa majani ya chini, vichala vikining'inia wazi, vya kijani kibichi, vya manjano, vingine vyekundu kabisa. Nyuma yao pazia lilikuwa limekunjwa mpaka juu, na kijivu chote cha kaskazini kilikuwa kinaingia.

Nyanya ni mmea, alijiambia. Mmea hauudhiki. Akakatiza kati ya mistari, akakimbia kidogo kidogo mpaka mwisho, akainua turubai, akapita.

Alikuwa amesimama juu ya zulia.

Hilo ndilo alilolijua kwanza, kwa miguu. Kisha akaona kitanda cha kukunja, blanketi limetandikwa bila kunyanzi. Sufuria ya umeme ya wali. Birika. Kioo kidogo na wembe juu ya kreti la nyanya. Ndara za ndani, zimepangwa sambamba. Picha ya marehemu mkewe. Hendeli ilikuwa pale, kando ya hita ya gesi, kama alivyotaraji. Na juu ya hita, kwenye ubao wa ukuta wa mwisho, ilibandikwa karatasi nyeupe yenye miraba ya dhahabu na fedha, na juu ya karatasi manyoya ya jogoo yaliyogandishwa kwa damu iliyokauka. Chini yake bakuli la mchele lenye vijiti vya ubani.

Madhabahu ya nyumba. Ya mwaka huu, karatasi bado haijachakaa.

Kila mtu alijua kwamba mtoto wa kiume wa Mzee Khang alihamia Arkansas kufuga kuku, na kwamba mzee hakutaka kumfuata. Kila mtu alisema yuko kwa binti yake mjini. Kazoua mwenyewe alishalisema. Na hakuna aliyesimama kujiuliza jambo ambalo hata mtoto wa Kihmong analijua, kwamba baba hakai chini ya madhabahu ya ukoo wa mkwewe. Akifia mle, anawaachia balaa. Mzee hakuwa na mahali. Akajitengenezea.

Na hita. Kila asubuhi ya baridi Fue alipokuja aliisikia inawaka, na kila mara alirudi akisema, mzee huyu anaamka mapema kweli. Pilipili za Mama Fue, kikonyo cha Mama Fue, wazo zuri la Kazoua: vyote vilikuwa hai kwa sababu mtu alilala humu na kuamka usiku kuangalia moto.

Pahnia alianza kulia. Kazoua aliona kwamba miguu yake yote miwili ilikuwa ndani ya nyumba ya watu, mwezi wake haujaisha, na kwamba hilo haliwezi kurudishwa nyuma. Akatoka juu ya zulia. Akavua viatu, akaviweka upande wa pili wa turubai, akarudi na soksi zake mbili.

"Mnisamehe," aliiambia karatasi, kwa sauti, maana upepo ulikuwa mkubwa. "Mimi ni mke wa Fue. Sikujua kama hapa ni nyumbani. Sikuja kwa ubaya, nimekuja kufunga dirisha. Nikimaliza natoka."

Akashika hendeli. Ilizunguka laini, imepakwa grisi. Mzee alikuwa mtu wa kutunza vitu. Pazia liliposhuka mpaka chini, kelele za upepo zilikatika ghafla, na akasikia moyo wake na mtoto wake. Aliiwasha hita kwa jaribio la tatu. Akalivuta shuka jeupe la kukinga baridi juu ya pilipili, mstari kwa mstari, akirudi na kurudi. Kisha, kwa kuwa alikuwa ameshaingia na deni la kuingia ni lilelile, akavuta na la nyanya.

*

Mama Fue alifika giza likiwa limeshika. Aliyeingia kwanza chumbani ni yeye, bado amevaa koti.

"Uliingia?"

"Niliingia, Mama."

"Nyuma ya turubai?"

"Ndiyo."

"Kuna nini?"

Kazoua alishika kikombe cha maji ya moto kwa mikono miwili. "Hendeli. Hita."

"Nilisema mimi. Mkasi na hendeli." Mama Fue alimshika miguu kupitia blanketi, akakuta ina joto, na uso wake ukalegea. "Hakuna madhabahu, hakuna kosa. Hatumlipi mtu kitu kwa kuingia bandani."

Asubuhi dunia ilikuwa nyeupe. Vyombo vya maji uani vilikuwa vimegandana na ardhi. Fue alikwenda kwa miguu, hakusubiri gari lipate moto, na simu ya Kazoua ikaita kabla hajamaliza kumbadilisha mtoto.

"Zimesimama!" Fue alikuwa anapiga kelele. "Zote! Kaz, hakuna hata jani lililoungua! Na nyekundu, we! Njoo uone! Aa, huwezi kuja. Nakuletea! Mwambie Mama! Zimesimama!"

Mama Fue aliinyakua simu. "Vikonyo?"

"Vya kijani, Mama!"

Mama Fue alirudisha simu, akatembea mpaka sebuleni, akatembea mpaka jikoni, akarudi. Alikuwa anacheka peke yake bila sauti. Siku ileile Mama Xeng alituma mpwa wake kuja kununua mayai ambayo hakuyahitaji, kuchunguza kama jalidi limepita humo. Mama Fue alimpa mayai, na ndani ya katoni, katikati, akalaza pilipili moja nyekundu.

Walipobaki wawili Kazoua alisema, "Mama, mwezi wangu ukiisha, tumpelekee Mzee Khang jogoo."

"Jogoo wa nini? Si nimekwambia ni banda?"

"Tumpelekee tu."

"Jogoo wa fidia hupelekwa nyumbani kwa mtu. Sasa tumpeleke kwa binti yake, mjini, tuseme nini?"

Kazoua alikuwa anakunja nepi, anazipanga.

Mama Fue alikuwa na kisu mkononi na kuku mezani. Kisu kikasimama. "Hita," alisema. "Uliikuta imezimwa."

"Ndiyo. Mwenyewe hakuwepo."

"Fue anasema huwa anakuja kuiwasha alfajiri."

"Haji, Mama," alisema Kazoua.

Mama Fue alivuta kiti, akaketi. Akamtazama kuku kama vile hakumbuki alikuwa anataka kumfanya nini.

"Majirani gani sisi," alisema.

*

Mzee Khang alirudi Jumanne, baada ya mazishi. Hakuanzia kwake, ingawa barabarani aliona pazia lake limeteremshwa. Alikuja moja kwa moja uani kwao, na Kazoua aliyekuwa peke yake sebuleni alimwona kupitia kioo cha mlango: mtu mfupi, koti la msiba, sauti imemkauka kwa kuimba siku nzima.

Alifungua mlango kiasi cha kuonekana uso. Mzee hakusogea karibu.

"Nani alifunga upande wangu?"

"Mimi, babu."

"Uliingia."

"Niliingia, babu." Alitafuta neno ambalo lisingekuwa uongo wala fedheha, akalipata dogo. "Nilivua viatu."

Mzee Khang alimtazama. Kisha akaangalia pembeni, kwenye misonobari, na taya lake likatembea kama anayetafuna. Mtu havui viatu bandani. Alijua ameonekana, na alijua aliyemwona alimwonaje.

"Mtoto hajambo?" aliuliza hatimaye.

"Hajambo, babu."

"Asipigwe na upepo. Funga mlango." Akaondoka.

Siku zilizofuata hakusema na mtu. Fue alimkuta akichuma nyanya, akamsalimia, akajibiwa kwa kichwa. Fue akarudi na hofu. "Amekasirika. Nimemwona anapanga makreti. Kama anahama vile. Akiondoa nyanya zake tumekwisha, Mwaka Mpya tutatwanga pilipili na nini? Na hita ni yake!"

"Hajakasirika," alisema mama yake.

"Wewe umemwona?"

"Wewe ndiye umemwona," alisema Mama Fue, "miezi yote hii. Na hukuona kitu. Nenda banda la kuku ukanichagulie jogoo. Mwekundu, mwenye kishungi kizima. Na usiniletee aliyezeeka."

*

Mwezi wa Kazoua uliisha Jumamosi. Alioga maji aliyoyataka, akafungua kitambaa cha tumbo, na Fue akamwekea mezani kibakuli cha pilipili ya kutwanga ili aonje. Harufu ilimjaza mdomo mate. Akakisukuma.

"Bado," alisema.

"Bado nini? Si ulikuwa unailia kama mtoto?"

"Kuna mahali nataka kuanzia."

Walikwenda wote kwa gari la shamba, Pahnia katika mbeleko, kinu na mchi vikigongana nyuma. Mama Fue alikuwa amevaa koti lake zuri, si lile la misibani, na amembeba jogoo kwapani, miguu imefungwa kwa kitambaa chekundu. Njia nzima alikuwa anaongea: meza watakayopewa ukumbini, mahali pa kusimamisha kinu ili watu waone, jinsi Mama Xeng alivyompigia simu akauliza bila kuuliza. Macho yalikuwa yanamng'aa. Walipofika kwenye ua wa ng'ombe akanyamaza.

Mwanga wa taa ulionekana kupitia plastiki, kule mwisho. Mlangoni Fue alinyoosha mkono kuuvuta, kama alivyouvuta kila siku tangu masika.

Mama yake alimpiga kofi mkononi.

"Unaingia kwa watu namna hiyo? Nani kakulea?"

"Kwa watu? Mama, hili si gri..."

"Kaa kimya."

Alijitengeneza kola. Akamsogeza jogoo vizuri. Akasimama wima mbele ya mlango wa plastiki uliounganishwa kwa gundi na misumari, akaita kwa sauti ambayo ingesikika upande wa pili wa barabara.

"Hodi! Hodi hapa kwa Mzee Khang!"

Ndani redio ilizimwa.

Fue alimgeukia mkewe, kisha akautazama ule mwanga kule mwisho, na Kazoua akaona uso wake ukijaa taratibu, kama chombo kilichowekwa chini ya bomba.

"Hodi!" Mama Fue aliita tena. "Ni sisi majirani zako! Tuna jogoo, tuna mtoto, tuna kinu! Mna mwiko humo ndani?"

Hilo ndilo swali ambalo mgeni huliuliza mlangoni pa nyumba ya Mhmong kabla ya kuinua mguu, kujua kama kuna katazo la kupokea wageni, na halina maana popote pasipokuwa nyumba. Halikujibiwa upesi. Jogoo alilalamika mara moja. Nyuma ya plastiki kivuli kilisimama, kikainama kuokota kitu, kikaweka, kikainama tena. Kikaja na njia ya katikati, kati ya pilipili na nyanya, bila haraka.

"Hakuna mwiko," sauti kavu ya Mzee Khang ilisema, karibu sana sasa. Alikohoa. Kufuli likafunguliwa. "Ingieni, ingieni. Viatu tu mvue kule mbele, nimefagia."

Kazoua alikuwa ameshavua.